Kilichoitwa Takataka: Historia Fupi ya Kusoma Mkojo

Babu yangu alipokuwa mvulana kule Kinango, Kwale, kukojoa damu hakukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Kulihesabiwa kuwa umri. Wavulana walichunga mbuzi, jua likiwachoma wakaingia bwawani, na baada ya miezi kadhaa mkojo ukaanza kutoka mwekundu. Wakubwa walicheka tu: huyu sasa anakua. Aliyechelewa kuuona wekundu huo alitaniwa na wenzake.

Alinisimulia haya akiwa na miaka 71, amelala wodini Mombasa, mpira wa mkojo ukining'inia kando ya kitanda na mfuko wake umejaa kitu chenye rangi ya juisi ya ukwaju.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "hii damu naijua tangu utotoni. Nilidhani imepita tu kunisalimia."

Damu ilikuwa imerudi miezi saba kabla ya siku hiyo. Klinika ya kwanza ilimpa antibiotiki ikisema ni maambukizi ya njia ya mkojo. Ya pili ikampa antibiotiki kali zaidi. Akapona wiki mbili, damu ikarudi. Akarudi na yeye. Mwezi wa saba ndipo daktari mmoja alipomwingizia kamera kwenye kibofu na kuona uvimbe. Saratani. Aina ya seli bapa, akatuambia, ile inayopatikana sana kwa watu waliowahi kuishi na kichocho. Halafu akamuuliza babu swali ambalo hakuna mtu alikuwa amemuuliza miezi yote hiyo: "Mzee, ulikulia wapi?"

Mimi ni mtoto wa Nairobi. Kichocho nilikisoma darasa la sita kwa ajili ya mtihani, nikachora konokono, nikapata alama zangu, nikasahau. Usiku ule nikiwa kwenye basi la kurudi, simu mkononi, swali moja halikuniacha: mkojo unatoka kila siku, haulipiwi, hauhitaji sindano. Mbona basi haukusema mapema?

Kumbe hilo swali ni la zamani sana. Na jibu jipya zaidi ambalo wanasayansi wanalifukuzia liko kwenye kitu walichokiita takataka kwa miaka mingi. Wacha nianze mwanzo.

Manabii wa chupa

Kabla ya hadubini, kabla ya eksirei, daktari alikuwa na macho, pua na chupa ya mkojo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka kwenye kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, mpango mzima wa kuukagua mkojo: rangi yake, uzito wake, harufu, povu, na kile kinachotua chini. Alitaka mkojo ukusanywe kwenye chombo safi na ukaguliwe kwenye mwanga mzuri. Kitabu hicho kilifundishwa kuanzia Bukhara hadi Ulaya kwa karne kadhaa. Neno letu tabibu limetoka kwenye lugha hiyo hiyo aliyoandikia.

Ulaya ya enzi za kati ikaichukua sanaa hii na kuipeleka mbali, mbali kupita kiasi. Chupa ya kioo ya kukagulia mkojo ikawa nembo ya daktari, kama vile stethoskopu ilivyo leo. Kulikuwa na chati za mviringo zenye rangi karibu ishirini za mkojo, kila rangi na ugonjwa wake. Mwishowe wakatokea watu waliodai wanaweza kutambua chochote kwa chupa peke yake bila kumwona mgonjwa: kama una mimba, kama utakufa, kama unapendwa. Mwaka 1637 Mwingereza Thomas Brian aliandika kitabu kizima cha kuwaumbua, akawaita manabii wa mkojo.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini kosa lao halikuwa kuamini kwamba mkojo una habari. Unazo. Kosa lao lilikuwa kusoma habari zaidi ya zile zilizoandikwa humo. Weka hilo akilini, kwa sababu litarudi.

Mnyoo wa kwanza

Wanajeshi wa Napoleon walipoingia Misri mwaka 1798, wengi wao walianza kukojoa damu. Daktari wa jeshi aliyeitwa Renoult aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1808, akidhani labda chanzo ni joto na jasho. Jibu lilichelewa hadi mwaka 1851, pale Mjerumani kijana aitwaye Theodor Bilharz, akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo, alipowakuta minyoo weupe ndani ya mishipa ya damu. Minyoo hao hukaa wawili wawili: dume ana mfereji kwenye mwili wake, na jike huishi ndani ya mfereji huo. Bilharz alifariki mwaka 1862 kabla hata ya kufika miaka arobaini. Jina lake likabaki kwenye ugonjwa: bilharzia. Sisi tukabaki na kichocho.

Na ugonjwa haukuwa mgeni. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alichukua figo za maiti zilizokaushwa za Misri, za zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, akazilainisha, akazikata vipande vyembamba na kuviweka chini ya hadubini. Mayai yalikuwa bado yamo.

Mwaka 1915 Ofisi ya Vita ya Uingereza ilimtuma Robert Leiper kwenda Misri kuchunguza, kwa hofu kwamba wanajeshi wake wangeambukizwa. Leiper akathibitisha kwamba mnyoo huyu hupitia kwenye konokono wa maji matamu. Konokono huachilia vijidudu vidogo kwenye maji, navyo hupenya ngozi yako ukiwa unaogelea, unafua au unateka maji. Huhitaji kunywa. Kuingiza mguu kunatosha. Minyoo wakikomaa huishi kwenye mishipa inayozunguka kibofu, na jike hutaga mayai yenye mwiba mwishoni. Mayai yanayopasua ukuta wa kibofu hutoka na mkojo, pamoja na damu. Yanayokwama hubaki humo, na mwili hupigana nayo. Miaka kumi, ishirini, arobaini.

Vita hivyo virefu ndivyo vinavyoleta saratani. Mwaka 1911, pale pale Cairo, daktari Ferguson alichapisha taarifa ya wagonjwa 40 wa saratani ya kibofu akiihusisha na kichocho. Ilichukua hadi mwaka 1994 kwa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, kumweka mnyoo huyu rasmi kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Kutoka 1911 hadi 1994 ni miaka 83. Babu yangu alizaliwa, akaogelea, akaoa na kupata wajukuu ndani ya miaka hiyo.

Rangi za Frankfurt

Wakati Cairo inahesabu mayai, Ujerumani ilikuwa inatengeneza rangi. Rangi za viwandani zilizotokana na lami ya makaa ya mawe zilikuwa biashara ya pesa nyingi, na mojawapo ilikuwa fuksini, nyekundu inayoelekea zambarau. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliwaeleza wenzake jambo lisilo la kawaida: kati ya wafanyakazi 45 waliotengeneza fuksini, watatu walikuwa na uvimbe kwenye kibofu. Huyu ndiye Rehn yule yule ambaye mwaka uliofuata alishona moyo wa mtu aliyechomwa kisu na mtu huyo akapona. Lakini kwa maoni yangu kazi yake kubwa ilikuwa ile ya kuuliza wagonjwa wake wanafanya kazi wapi.

Mantiki yake ni rahisi. Kemikali ikiingia mwilini kwa pumzi au kwa ngozi, figo huichuja, na kibofu huihifadhi kwa saa nyingi kikisubiri upate choo. Ukuta wa kibofu unaloweka ndani ya kila kitu ulichokutana nacho. Mwaka 1938 Wilhelm Hueper alionyesha kwa mbwa kwamba kemikali moja ya viwanda vya rangi, naftilamini, inasababisha uvimbe huo. Mwaka 1954 Robert Case na wenzake walihesabu wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza na kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyo kwa binadamu. Kemikali hiyo hiyo imo kwenye moshi wa sigara, na leo sigara ndiyo chanzo kikubwa zaidi cha saratani ya kibofu duniani.

Kwa hivyo kuna njia mbili tofauti za kufika mahali pamoja. Kiwanda na sigara huleta zaidi saratani ya seli za kawaida zinazofunika kibofu kwa ndani. Kichocho huleta zaidi ile ya seli bapa, ya babu. Jina ni moja, saratani ya kibofu, lakini historia ni mbili. Hili pia liweke akilini.

Kuchungulia

Mwaka 1806 daktari mwingine wa Frankfurt, Philipp Bozzini, alitengeneza kifaa chenye mshumaa na vioo cha kupeleka mwanga ndani ya mwili. Kilikuwa kizito na chenye joto, na wakubwa wa tiba wakakikataa. Mwaka 1877 Max Nitze akafaulu kuonyesha kifaa cha kuchungulia kibofu kilichokuwa na waya wa platini uliowaka, uliopozwa kwa maji yanayopita kando yake. Hebu fikiria hiyo hali mara moja tu, halafu tuendelee.

Kifaa hicho, kikiwa kimeboreshwa sana, ndicho kilichomwona adui ndani ya babu. Hadi leo hakuna kilichokiondoa kwenye kiti chake. Shida ni kwamba kinaingia pale ambapo hakuna mtu anataka kitu kiingie, kinahitaji daktari bingwa, na madaktari bingwa wako miji mikubwa. Na saratani ya kibofu ina tabia mbaya ya kurudi. Mgonjwa aliyetolewa uvimbe mdogo wa juu juu huchunguzwa tena baada ya miezi mitatu, halafu tena, halafu tena, kwa miaka. Ni mojawapo ya saratani zenye gharama kubwa zaidi kumfuatilia mgonjwa.

Kwa hivyo ndoto ya chupa haikufa. Mwaka 1945 George Papanicolaou, yule ambaye jina lake liko kwenye kipimo cha mlango wa kizazi, aliandika pamoja na Victor Marshall kwamba seli za saratani zinazodondoka kwenye mkojo zinaweza kuonekana kwa hadubini. Hicho kipimo bado kinatumika. Kinakamata vizuri uvimbe mkali, lakini ule mpole, ambao seli zake zinafanana na za kawaida, mara nyingi kinaukosa. Ni kama askari wa getini anayewatambua wezi kwa mavazi: anayevaa vizuri anapita.

Swali likabaki: je, kuna kitu ndani ya seli kinachosema ukweli hata sura ikidanganya?

Daftari na vikaratasi

Sasa hapa ndipo stori inageuka.

Fikiria duka la fundi wa samani pale Gikomba. Kuna daftari kuu lenye michoro yote, na daftari hilo halitoki ofisini. Hiyo ni DNA. Mteja akitaka kiti, mchoro wa kiti hunakiliwa kwenye kikaratasi na kupelekwa kwa fundi. Kikaratasi hicho ni RNA. Fundi anatengeneza kiti. Kiti ni protini. Kufikia miaka ya 1960 hivi ndivyo biolojia ilivyofundishwa: daftari, kikaratasi, kiti. Kisichozaa kiti hakina kazi.

Tatizo ni kwamba kurasa nyingi za daftari hazina mchoro wa kiti chochote. Mwaka 1972 Susumu Ohno alilipa jambo hilo jina lililoshika: DNA takataka. Mradi wa kusoma jenomu ya binadamu ulipotoa rasimu yake mwaka 2001, picha ikawa wazi zaidi. Jeni za kutengeneza protini ni kama 20,000 tu, na maelekezo yenyewe ya protini hayafiki asilimia 2 ya daftari lote. Na zaidi ya hapo, seli ilikuwa inanakili kurasa nyingi za hiyo inayoitwa takataka. Vikaratasi vilikuwa vinazunguka dukani bila oda ya kiti. Vya kazi gani?

Jibu moja lilitoka kwa mnyoo mwingine, safari hii asiye na madhara: mnyoo wa udongo wa urefu wa milimita moja, kipenzi cha maabara. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, wote wakifanya kazi Marekani, walionyesha kwamba jeni moja ya mnyoo huyu, lin-4, haitengenezi protini kabisa. Inatoa kipande cha RNA cha herufi 22 hivi, na kipande hicho hujibandika kwenye kikaratasi cha jeni nyingine na kuizuia isifanye kazi. Kwa lugha ya Gikomba, ni kile kikaratasi kinachosema: ile oda ya jana simamisha.

Watu wakasema sawa, hayo ni mambo ya minyoo. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikaonyesha kwamba mwenzake lin-4, aitwaye let-7, yumo kwa wanyama wengi, binadamu wakiwemo. Mwaka 2002 kundi la Carlo Croce likaonyesha kwamba vipande viwili vya aina hii hupotea kwenye saratani moja ya damu. Leo vinaitwa mikroRNA. Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024, miaka 31 baada ya mnyoo wao.

Na kuna vikaratasi virefu pia, vya herufi zaidi ya 200, navyo haviagizi protini. Baadhi hushikilia protini mahali fulani, baadhi hufunga au kufungua kurasa za daftari, baadhi hunasa mikroRNA ili zisifike zinakokwenda. Mmoja wa wa kwanza kujulikana ni H19. Mwaka 1990 maabara ya Shirley Tilghman iliandika kwamba jeni hii yaelekea hufanya kazi ikiwa RNA tu. H19 huwaka mtoto akiwa tumboni na hulala baada ya kuzaliwa. Mwaka 1995 watafiti wa Jerusalem wakaripoti kwamba kwenye uvimbe wa kibofu inaamka tena, na kwamba inaweza kuwa alama ya saratani hiyo.

Unaona tunapoelekea.

Kurudi kwenye chupa

Seli za kibofu hudondoka kwenye mkojo kila siku, za wazima na za wagonjwa. Zikidondoka zinabeba vikaratasi vyake. RNA iliyo uchi haidumu kwenye mkojo, kwa sababu vimeng'enya vya kuikata vimejaa humo. Lakini mikroRNA nyingi husafiri zimekumbatiwa na protini, au zimefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta ambavyo seli huvitema. Hivyo zinafika kwenye chupa zikiwa nzima. Maabara hukusanya, hugeuza RNA kuwa DNA, halafu huzidisha nakala hadi zipimike. Ni PCR ile ile tuliyoijua sote wakati wa Korona, ile ya kuchokolewa pua.

Mwaka 2006 watafiti wa China walitangaza RNA ndefu waliyoiita UCA1, inayopatikana kwa wingi kwenye saratani ya kibofu. Wakaipima kwenye mkojo. Kati ya wagonjwa 94 wa saratani, kipimo kiliwatambua 76. Kati ya watu 85 wasio na saratani hiyo, kiliwaachilia 78 kwa usahihi. Hiyo ni karibu asilimia 81 na asilimia 92. Kwa chupa ya mkojo, si mchezo. Mwaka 2010 Wajerumani wakaonyesha kwamba mikroRNA mbili za mkojo, 126 na 182, nazo zinahusiana na saratani ya kibofu. Tangu hapo tafiti zimekuja kama mvua ya masika.

Na si ndoto ya maabara tu. Kwenye tezi dume, RNA ndefu iitwayo PCA3, iliyogunduliwa mwaka 1999, iligeuzwa kuwa kipimo cha mkojo, na mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakiidhinisha kumsaidia daktari kuamua kama mgonjwa arudie kukatwa kinyama cha kupimwa. Kikaratasi kisicho na oda kilipata kazi rasmi.

Basi kwa nini babu hakupimwa hivyo? Hapa narudi kwenye yale mambo mawili niliyokuomba uyaweke akilini.

La kwanza ni la manabii wa chupa. Turudie zile namba kwa upande wa pili. Katika wagonjwa 94, kipimo kiliwakosa 18. Ungekuwa mmoja wa hao 18, ungeambiwa nenda nyumbani uko sawa. Katika wazima 85, saba walipewa hofu isiyo yao. Na utafiti mmoja si ukweli wa milele. Nyingi zilizofuata zilikuwa ndogo, kila maabara na jinsi yake ya kutunza mkojo, kila moja na mpaka wake wa kusema hii ni nyingi au ni kidogo, na namba zikatofautiana. Ndiyo maana hakuna kipimo cha aina hii kilichochukua nafasi ya kamera ya kibofu. Kuamini chupa zaidi ya inavyosema ni kosa la zamani, hata kama siku hizi chupa inaingia kwenye mashine ya mamilioni.

La pili ni la historia mbili. UCA1 ilitafutwa na kupimwa kwenye saratani ile ya seli za kawaida za kibofu, ile ya sigara na viwanda. Kibofu cha babu kilipitia njia nyingine: mayai, makovu, miaka hamsini ya mwili kupigana. Kibofu kinachopigana kinaandika vikaratasi vya vita, saratani iwepo au isiwepo. Alama iliyochaguliwa Beijing au Berlin inaweza kufanya kazi vizuri Kwale. Inaweza pia kuwapigia kelele watu wote wenye kichocho, au kunyamaza mbele ya seli bapa. Njia ya kujua ni moja: kuipima kwenye mikojo ya watu wa huku. Misri, nchi ya Bilharz na Ferguson, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ain Shams wamekuwa wakipima mikroRNA za mkojo za wagonjwa wao wenyewe. Wanajua historia yao haifanani na ya Wajerumani.

Misri inajua jambo jingine pia, tena kwa uchungu. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mapema 1980, serikali iliwadunga wananchi wake sindano za antimoni kuua kichocho. Dawa ilikuwa ya kweli. Ilithibitishwa Khartoum na daktari Christopherson mwaka 1918. Lakini sindano zilirudiwa kutoka mkono hadi mkono, na virusi vya homa ya ini aina ya C vikasambaa nchi nzima. Nia njema ikiharakishwa bila kuangaliwa, watu ndio hulipa.

Nchini kwetu vifaa havikosekani kabisa. Mashine za kusoma vinasaba vya TB zimefika hospitali nyingi za kaunti. Na kuna undugu wa ajabu hapa: ile chanjo ya BCG iliyotuachia kovu mkononi tukiwa wachanga, tangu Alvaro Morales alipochapisha matokeo yake Canada mwaka 1976, humiminwa ndani ya kibofu kuzuia uvimbe wa juu juu usirudi. Tiba ya mapafu ikahamia kwenye kibofu. Kipimo nacho kinaweza kuhama. Lakini kinahitaji mtu wa kukihamisha, na mikojo ya watu ambao hadi sasa hawajaulizwa.

Ulikulia wapi?

Babu alitolewa kibofu chote. Sasa anakojoa kwenye mfuko uliobandikwa tumboni, na amejifunza kuubadilisha mwenyewe bila kumsumbua mtu. Anaukagua kila asubuhi akiuinua kwenye mwanga wa dirisha, kama tabibu wa zamani. Nilimweleza kuhusu mikroRNA, vikaratasi, mnyoo wa Nobel. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo wataalamu wanatafuta karatasi ndogo ndani ya mkojo, iwaambie mtu ana nini."

"Ndiyo, babu."

"Na yule daktari wangu aliniuliza tu nilikulia wapi."

Sikuwa na la kujibu. Lile swali halikugharimu chochote, na kwa mzee wa Kinango mwenye damu kwenye mkojo lingetosha kumpeleka kwenye kamera mwezi wa kwanza, si wa saba. Bado nataka kipimo cha RNA kije. Nataka siku moja nesi wa dispensari achukue kopo la mkojo na kusema kwa uhakika nani apelekwe Mombasa na nani apewe dawa arudi nyumbani. Lakini kipimo hicho kitasomwa na mtu, na mtu huyo lazima ajue kuna mabwawa, kuna konokono, kuna wavulana.

Desemba iliyopita nilikuwa Kinango. Binamu yangu wa miaka tisa alitoka nyuma ya nyumba akicheka, akasema mkojo wake una rangi. Watoto wenzake wakaanza kumpigia makofi.

Babu aliinuka kwenye kiti chake, mfuko wake tumboni, akachukua bakora. Hakugombeza mtu. Akamshika mtoto mkono, wakatembea wote wawili jua kali hadi dispensari. Kichocho siku hizi kina vidonge, prazikwanteli, dozi moja kulingana na uzito. Mtoto akameza, akakunja uso, akaomba soda.

Walirudi jioni. Wale watoto waliopiga makofi walikuwa bado wanacheza uani. Babu akawaita, akawakalisha chini ya mwembe, akainua shati lake na kuwaonyesha mfuko.